Vinyunyizio vya moto katika masoko ya zamani: Nani alipe?

MOTO ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, usiku wa Julai 10, 2021, uliwagusa watu wengi zaidi ya waliokuwa na vizimba ndani yake. Soko linapoungua, mkulima wa mkoani aliyepeleka mzigo kwa mali kauli hubaki akimdai mtu ambaye amebakiwa na funguo tu.

Jengo hilo lilijengwa miaka ya 1970. Kama yalivyo majengo mengi ya biashara Afrika Mashariki, lilibuniwa kabla ya kanuni za sasa za kujikinga na moto. Ndiyo maana kila soko linapoungua huzuka swali lile lile: je, majengo ya zamani nayo yalazimishwe kufungwa vinyunyizio vya moto?

Mkulima anavijua vinyunyizio vya kumwagilia shamba. Vya moto hufungwa kwenye dari, juu ya mabomba yenye maji muda wote. Kila kimoja huzibwa na kichupa kidogo cha kioo chenye kimiminika. Joto likifika kiwango kilichopangwa, mara nyingi nyuzi 68 za Selsiasi, kichupa hupasuka na maji humwagika.

Wafanyabiashara wengi huogopa kwamba moshi kidogo tu utafungulia maji duka zima na kuharibu mali. Sivyo. Katika mfumo wa kawaida, hufunguka vile tu vilivyofikiwa na joto, na mara nyingi vichache vinatosha kuuzuia moto usisambae hadi Zimamoto wafike.

Tatizo ni gharama, na hasa maji. Kiwango cha Ulaya kwa maduka makubwa ya kawaida hudai milimita 5 za maji kwa dakika juu ya eneo la mita za mraba 216, kwa muda wa saa moja. Hizo ni lita 64,800, na hesabu ya fundi kwa kawaida huzidi hapo. Katika mji ambao bomba hutoa maji kwa mgawo, lazima pawepo tangi la akiba ambalo halichotwi kwa matumizi mengine, na pampu isiyotegemea umeme wa gridi pekee. Vinyunyizio visivyo na maji ni pambo la dari.

Marekani ilikumbana na swali hilo Juni 18, 2007, duka la samani la Sofa Super Store lilipoungua mjini Charleston, jimbo la South Carolina. Zimamoto tisa walikufa. Jengo lilikuwa limeongezwa kipande kwa kipande kwa miaka mingi, na halikuwa na vinyunyizio. Wachunguzi wa serikali walipendekeza vifungwe katika maduka yote mapya ya samani, na pia katika yale ya zamani yenye ukumbi wa maonyesho unaozidi mita za mraba 190.

Pendekezo hilo lilikuwa zito, kwa sababu desturi ya kanuni za ujenzi ni kutogusa jengo la zamani mpaka lipanuliwe au libadilishwe matumizi. Desturi hiyo humlinda mwenye jengo dhidi ya gharama za ghafla. Lakini moto hauulizi jengo lilijengwa mwaka gani.

Jiji la New York lilipata njia ya katikati kwa majengo ya ofisi. Sheria yake ya mwaka 2004 iliwataka wenye ofisi zenye urefu wa mita 30 na zaidi kufunga vinyunyizio, lakini iliwapa muda hadi Julai 1, 2019. Miaka 15 ilitosha kuingiza kazi hiyo katika matengenezo ya kawaida.

Afrika Mashariki haikosi sheria. Tanzania ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, inayolipa Jeshi mamlaka ya kukagua majengo. Kenya ilitoa kanuni za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi mwaka huo huo, zinazodai ukaguzi wa usalama na zoezi la kujiokoa kila mwaka. Hata hivyo, Januari 28, 2009, duka kubwa la Nakumatt Downtown jijini Nairobi liliungua na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kanuni ikibaki karatasini haimsaidii mtu.

Kulazimisha kila jengo la zamani kwa mkupuo kutazaa mambo mawili: vyeti vya kununua, na kodi ya fremu kupanda ghafla mpaka mpangaji mdogo ahamie barabarani. Busara ni kuanza na penye hatari kubwa: maduka ya chini ya ardhi, majengo ya ghorofa, nyumba za makazi zilizogeuzwa stoo, na maghala ya nguo, magodoro na plastiki. Kila kundi lipewe tarehe ya mwisho, na gharama igawanywe kwa miaka kati ya mwenye jengo na wapangaji, kwa mkataba wa maandishi. Soko likiwa la halmashauri, halmashauri ndiyo mwenye jengo. Ushuru inaokusanya kila siku una wajibu wake.

Wakati hayo yakisubiriwa, mfanyabiashara ana ya kufanya leo. Asipange mzigo hadi darini. Hata penye vinyunyizio, nafasi ya nusu mita chini yake ndiyo inayoruhusu maji kusambaa. Njia za kutokea zisigeuzwe stoo. Nyaya za kuunganisha ovyo zing'olewe. Umoja wa wafanyabiashara nao udai kuona tangi, pampu na mitungi ya kuzimia moto vikijaribiwa mbele yao kabla ya kusaini mkataba mpya wa pango.

Kinga ni bora kuliko tiba. Lakini kinga nayo ina bei, na ni heri bei hiyo ikubaliwe mezani kuliko kulipwa na mdogo peke yake juu ya majivu.