Ngalawa, Mashua na Dau: Vyombo Vidogo na Uvivu wa Wanafunzi wa Lugha

Mwanafunzi wa Kiswahili anapokutana na neno ‘ngalawa’ katika shairi, aghalabu hutosheka na fasiri ya maneno matatu: aina ya chombo. Akikutana na ‘dau’ hupewa fasiri iyo hiyo, na ‘mashua’ vilevile. Fasiri hiyo si ya uongo, ila haimfai mtu kitu. Ni kama kusema kwamba ng’ombe, paka na nyangumi ni aina za wanyama, kisha mwalimu akafunga kitabu. Baharia wa Vanga au wa Kizingitini hawezi kuvichanganya vyombo hivyo hata avione kwa mbali, tanga tu limechomoza. Isitoshe, ana chombo akipendacho kuliko vingine, na ukimuuliza sababu atakutolea hoja. Hoja hizo ndizo zinazostahili kusikilizwa na wanagenzi wa lugha hii, maana zimebeba msamiati ambao madarasa ya vyuo vikuu yameupa kisogo.

Lawama nyingine inaiangukia fasihi yenyewe. Washairi na wanasiasa wamelitukuza jahazi mno: taifa ni jahazi, ndoa ni jahazi, chama ni jahazi linalokwenda mrama. Chombo kidogo hakipewi heshima hiyo, ilhali ndicho kilichowalisha watu wengi wa pwani tangu kale. Kitabu cha msafara cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1 baada ya Kristo, kinataja mashua ndogo zilizoshonwa kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja iliyotumiwa kuvulia samaki na kasa katika mwambao huu. Wenye majahazi walikuwa matajiri. Wenye mitumbwi walikuwa kila mtu.

Ichukuliwe ngalawa kwanza, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa zaidi. Kiini chake ni gogo, mara nyingi la mwembe, lililochongwa kwa tezo hadi likawa jembamba na refu. Gogo hilo pekee lingepinduka mara tu tanga likishika upepo. Kwa hiyo hulazwa miti miwili ikikingama juu ya mtumbwi, na kwenye ncha zake, kulia na kushoto, hufungwa mbao zinazogusa maji. Mbao hizo na miti yake ndiyo matengo. Tengo la upande wa chini hukataa kuzama na la upande wa juu hukataa kunyanyuka, na baina ya ukaidi wa pande hizo mbili chombo husimama wima. Mashua isiyo na shehena huhitaji farumi, yaani mizigo ya mchanga au mawe ya kuituliza. Ngalawa haina haja ya farumi hata chembe. Wepesi huo ndio unaowafanya wavuvi wa Gazi, Msambweni na Shimoni, na wenzao wa Unguja na Bagamoyo, waipende. Inapita juu ya mwamba maji yakiwa ya magoti. Watu wachache wanaweza kuipandisha ufukoni bila gati wala bandari. Kamba zinazofunga matengo hulegea na kukazika kidogo kila wimbi linapopita, kwa hiyo chombo hakishindani na bahari. Na kamba ikikatika hufungwa nyingine papo hapo, jambo lisilowezekana kwa ubao uliopasuka.

Wataalamu kadhaa wa mambo ya bahari, akiwemo Mwingereza James Hornell aliyeandika juu ya suala hili mwaka 1934, wamehusisha matengo hayo na mabaharia wa visiwa vya Indonesia, jamaa za wale waliohamia Bukini. Komoro nako chombo hicho kinajulikana kwa jina linalokaribiana mno na la Kiswahili. Basi yule mvuvi anayeonekana kuwa mtu wa kijiji kimoja amekalia ufundi uliovuka bahari nzima, na hilo halimo katika ‘aina ya chombo’.

Lamu mambo ni mengine. Huko mapenzi hugawanyika baina ya dau na mashua, na mabishano yake hayaishi barazani. Dau la Lamu limechongoka omo na tezi. Mashua ina tezi bapa. Tofauti hiyo, ambayo mgeni huenda asiitambue, ina uzito. Mpenzi wa dau atakwambia kwamba tezi iliyochongoka huyaacha maji bila kuyakokota, na wimbi linalotoka nyuma hupasuliwa badala ya kukipiga chombo kibao. Mpenzi wa mashua atajibu kwamba tezi bapa huongeza nafasi, na siku hizi hubeba mashine pia. Wote wawili wana haki, na wote wawili hujivunia kupita mkondo wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, ambao maji yakitoka huwa haupitiki. Huko ndiko thamani ya chombo chenye kina kifupi hudhihirika.

Uzuri nao usipuuzwe. Baharia wa Lamu hupaka rangi gubeti, huchora jicho la duara kwenye omo, na huandika jina la chombo kwa madaha. Katika mashindano ya Maulidi hutolewa ubao nje ya ubavu wa upande wa upepo, na vijana hukaa kwenye ncha yake kukisawazisha chombo. Anayetaka kujua kwa nini chombo hupendwa kama kiumbe amtazame nahodha wakati huo, mkono mmoja kwenye kana ya usukani na jicho kwenye ukingo wa tanga.

Hapo ndipo lugha inapoingia kwa kishindo. Kamba inayoshika ncha ya nyuma ya tanga huitwa demani, na kwa kuwa tanga huelekea huko, upande usiopigwa na upepo nao huitwa wa demani. Upande unaopigwa na upepo ni wa goshi, kwa jina la ncha ya mbele ya tanga inayofungwa huko. Kisha demani ni majira pia, wakati wa pepo za upole kusi inapomalizika. Mwanafunzi anayejua maana moja tu atasoma ubeti na kuamini ameuelewa. Kadhalika kitenzi ‘kubisha’: mtu hubisha hodi, hubisha katika mjadala, na chombo hubisha kinapopanda dhidi ya upepo, mara kulia mara kushoto. Aliyekiona chombo kikibisha hatakubali kirahisi kwamba huko ni ukaidi mtupu. Ni njia ya kufika. Na methali isemayo tezi na omo marejeo ni ngamani hukaririwa na watahiniwa wengi ambao hawajui kwamba ngama ni mahali pa chini ndani ya chombo ambapo maji yote hujikusanya, yaingilie mbele au nyuma.

Kuna watakaosema kwamba haya ni kulilia yaliyopita, kwamba mvuvi mwenyewe anataka mashine. Ni kweli anaitaka, na hakuna mwenye haki ya kumnyima kwa kisingizio cha utamaduni. Anayelala na njaa hashibi msamiati. Hata hivyo, mafuta hununuliwa na upepo haununuliwi, na ndiyo maana vyombo vingi vyenye mashine bado vina mlingoti na foromali. Wala ufundi haujafa. Mwezi wa Septemba mwaka 2018 ilishushwa majini Lamu Flipflopi, chombo cha tanga kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, ubavu wake ukavikwa takriban ndala 30,000. Fundi mkuu alikuwa Ali Skanda wa Lamu, na mapema mwaka 2019 chombo hicho kilisafiri hadi Unguja. Mafundi walibadilisha mti wakashika plastiki, ila umbo, vipimo vya macho na majina ya viungo vilibaki vilevile.

Linalosikitisha ni kwamba watu wa mbali wamekuwa wepesi kuliko wenyeji. Mholanzi A.H.J. Prins alichapisha kitabu kizima juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu, ambavyo kila mwaka huandaa makongamano na safari za pwani, vimezoea kumaliza ziara zao Fort Jesus na kwenye magofu ya Gede. Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kisiwani Lamu, hakimo katika ratiba nyingi. Mwanafunzi mwenye simu ya kurekodia sauti akiketi huko siku tatu, akamwomba fundi ataje kila kiungo tangu mkuku hadi ncha ya foromali, kisha akauliza deheni huchanganywaje na sifa hupakwa wapi, atarudi na tasnifu. Aanze na wazee, na aende kabla ya kusi kuanza kuvuma kwa nguvu, maana vyombo vikipandishwa pwani kutiwa kalafati ndipo mafundi huwa na wasaa wa kuzungumza.