Maiki Sita, Msemaji Mmoja

Meza kuu ya mdahalo ina maiki sita, zote wazi. Anayezungumza ni mmoja. Tano zilizobaki zinazoa mvumo wa feni, karatasi zinazogeuzwa na mwangwi wa paa la bati. Fundi mitambo akipandisha sauti kidogo tu, spika zinapiga mluzi na ukumbi mzima unaziba masikio.

Huo si mkosi, ni hesabu. Kila maiki zilizo wazi zinapoongezeka maradufu, nafasi ya kupandisha sauti kabla ya mluzi hupungua kwa takribani desibeli 3.

Mmarekani Dan Dugan alilipatia tatizo hili dawa katika miaka ya 1970. Mtambo wake huipa maiki ya msemaji sehemu kubwa ya sauti na kuzishusha zilizo kimya, hivyo jumla hubaki kana kwamba imefunguliwa maiki moja tu. Leo uwezo wa aina hiyo umo ndani ya mikisa (mitambo ya kuchanganya sauti) nyingi za kidijitali. Kwa mfano, mikisa ya Behringer X32 inao kwa chaneli 8.

Kununua mtambo na kuuacha uwezo huo umelala kwa kukosa anayejua kuutumia ni hasara. Butimba, jijini Mwanza, ina chuo cha ualimu kinachofahamika kwa muziki na sanaa. Ni mahali pazuri pa kuwafundisha vijana kazi hii kwa vitendo. Waanze na jambo moja: kuuwasha uwezo huo wakati wa hotuba na mijadala, na kuuzima kwaya inaposimama kuimba, kwa sababu sauti zote zinahitajika kwa pamoja.