Nguo Ikipwaya, Usikimbilie Mkasi

Jumapili moja, misa ilipokwisha hapa Izigo, tulisimama nje ya kanisa tukisalimiana kama ilivyo desturi. Akapita mama mmoja tunayemfahamu, amevaa sare ya WAWATA iliyoshonwa miaka miwili nyuma. Mabega ya gauni yalikuwa yameteremka, na kiunoni kitambaa kilijikusanya kama mzigo uliofungwa ovyo. Nyuma yetu mtu akanong'ona: "Mmemwona? Amekwisha." Hakuna aliyeuliza amekwishwa na nini. Katika mkoa wetu wa Kagera swali hilo halihitaji kuulizwa.

Ukweli ni kwamba mama yule alikuwa na kisukari na shinikizo la damu. Daktari alimwambia apunguze uzito, naye akatii. Aliacha soda, akaacha sahani ya pili ya matoke, akawa anakwenda shambani na sokoni kwa miguu badala ya kupanda pikipiki. Kwa muda wa mwaka mmoja alitoka kilo 91 akafika kilo 78. Huo ni ushindi ambao wengi wetu tungeutamani. Lakini minong'ono ilimfikia. Akaanza kuvaa sketi mbili chini ya gauni, na sweta juu yake hata jua likiwa kali. Tulipomtembelea alituambia waziwazi kwamba ameanza kula tena kama zamani, afadhali anenepe kuliko kuzikwa na midomo ya watu angali hai.

Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuandike juu ya nguo. Kama kuna msomaji atakayesema ukurasa wa afya na cherehani ni wapi na wapi, basi atuvumilie kidogo.

Wazee wetu wanakumbuka mambo haya yalikoanza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983. Kabla watu hawajajua jina la ugonjwa, waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wachuuzi kutoka Uganda, wakati nguo zilikuwa adimu katika maduka yetu baada ya vita vya 1978 na 1979. Wenzetu ng'ambo ya mpaka, huko Rakai, waliuita silimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba. Kwa hiyo ugonjwa ule ule ulipewa jina la nguo upande huu, na jina la kukonda upande ule. Mwaka 1987 watafiti walipopima damu, katika mji wa Bukoba watu wazima wapatao 24 katika kila 100 walikuwa na virusi, na huku vijijini Bukoba na Muleba wapatao 10 katika kila 100. Dawa haikuwapo. Aliyeona kola ya shati la jirani inapwaya alijua kinachofuata, na mara nyingi hakukosea. Tusiwacheke basi watu waliojifunza kusoma ugonjwa katika nguo za wengine. Walifundishwa na misiba.

Lakini mambo yamebadilika, macho yetu ndiyo hayajabadilika. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zinatolewa nchini bila malipo, na anayezimeza vizuri anaishi, analima, anasomesha watoto. Leo mtu anaweza kuwa na virusi na mwili wake ukajaa, na mwingine akakonda kwa sababu amesikiliza ushauri wa daktari. Shati haliwezi kukuambia nani ni nani. Sisi kwa maoni yetu, minong'ono ile ya nje ya kanisa inawaumiza watu wawili kwa pamoja: yule anayepunguza mwili kwa manufaa yake, anayerudishwa kwenye hatari kwa aibu, na yule aliye mgonjwa kweli, anayefundishwa kuficha.

Huyu wa pili tunamfahamu pia. Ni baba ambaye kila baada ya miezi michache alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari. Suruali zake alizipeleka kupunguzwa mara tatu, tena kwa mafundi mbalimbali ili asiulizwe. Alikuwa akikohoa, na usiku akitoka jasho la kulowanisha shuka. Ilipobainika kwamba ni kifua kikuu, ugonjwa unaotibika kwa dawa za miezi sita ambazo hazilipiwi, alikuwa amekwisha kuwaambukiza wawili nyumbani mwake. Wote walitibiwa, ashukuriwe Mungu. Lakini mkanda ule ulikuwa umesema mapema kuliko mizani yoyote.

Kwa hiyo kabla ya sindano, jiulize swali moja: je, nilikusudia kupungua? Kama hukukusudia, nawe umepoteza sehemu 5 katika kila 100 za uzito wako ndani ya miezi 6 hadi 12, usianze na fundi, anza na mganga. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni kilo 3 na nusu tu. Usingoje ziwe 10. Ukikohoa kwa wiki mbili, ukipata homa za jioni, ukiwa na kiu isiyokatika na kwenda haja ndogo mara kwa mara, au ukishindwa kumeza chakula, nenda zahanati iliyo karibu, au Kagondo, Rubya au Ndolage, ukapimwe. Na wewe unayepungua kwa kukusudia huku ukimeza dawa za sukari au presha, rudi kliniki pia, kwa maana kipimo cha dawa kilichofaa kilo 91 huenda kikazidi mwili wa kilo 78. Usikipunguze mwenyewe.

Tuongeze neno moja juu ya watoto, maana kwao mambo ni kinyume. Mtoto mdogo ambaye gauni la Krismasi iliyopita bado linamtosha vizuri asifurahiwe kwamba anatunza nguo. Mpeleke apimwe.

Sasa tuje kwenye nguo yenyewe. Ukishajua sababu ya kupungua, ipunguze nguo yako bila aibu, tena usichelewe, kwa kuwa nguo inayopwaya humfanya hata mzima aonekane mgonjwa. Geuza gauni ndani nje, ulivae, mwenzako abane kwa pini pande zote mbili sawasawa. Likizidi sentimita 8 kiunoni, kila upande utoe sentimita 4, yaani mshono mpya upite sentimita 2 ndani ya ule wa zamani, kwani kitambaa kiko mara mbili. Watu wengi hukosea hapa, wanatoa sentimita 4 kila tabaka na gauni linakataa kupita mabegani. Piga bandi kwanza kwa mkono, kisha ulijaribu: kaa, inama, inua mikono kama anayechuma kahawa. Ndipo upitishe cherehani, au ushone kwa mkono mishono midogo ya kurudi nyuma. Suruali ipunguzwe kwenye mshono wa nyuma, lakini ukizidisha sentimita 5 mifuko ya nyuma itakaribiana na utachekwa. Mabega ni kazi ya fundi.

Na jambo tunalolisisitiza kuliko yote: usikate kitambaa kinachobaki ndani. Mafundi watuwie radhi, wengi wao hupenda kupitisha ovaloki na kuondoa kila kinachozidi ili kazi ionekane safi. Waambie wasikate. Kikunje kitambaa hicho upande mmoja na kukishikiza kwa nyuzi chache. Aliyekonda kwa kifua kikuu hurudisha mwili akimaliza dawa, na mara nyingi kabla hajazimaliza. Walio kwenye dawa za virusi nao wajue kwamba dolutegravir, dawa iliyoanza kutumika sana nchini mwaka 2019, huwaongezea baadhi yao uzito, hasa akina mama. Tumemwona mmoja aliyekata magauni yake yote alipokuwa mgonjwa, na baada ya mwaka hakuwa na hata moja la kuvaa. Wakati huo mitumba ya kununua upya ilikuwa pesa ambayo ingelipa ada ya mtoto.

Yule mama wa sare tulirudi kwake tukiwa wawili, na futikamba na kisanduku cha pini. Hakutaka mwanzoni. Alisema akipunguza gauni ndipo watakapojua kwa hakika kwamba amekonda. Tukamwambia wanajua tayari, na sweta haimfichi mtu yeyote. Mchana mzima ulikwisha, maana kitenge cha sare kina maua na ni lazima yakutane mshononi. Kiunoni tulitoa sentimita 10, kwapani 6, na kitambaa chote kimo ndani bado. Sketi mbili za chini amezivua. Kipimo chake cha mwisho kliniki kilikuwa kilo 80, na amerudi kutembea kwa miguu.