Siku moja kwa miguu Hanoi



Wiki hii twende mbali, Hanoi, mji mkuu wa Vietnam. Nilikuwa na siku moja tu pale, na miguu yangu.

Asubuhi nilianzia kando ya ziwa Hoan Kiem, katikati ya mji, ambako wazee hunyoosha viungo kabla jua halijawa kali. Kisha nikaingia mtaa wa zamani. Huko barabara nyingi zina majina ya bidhaa zilizouzwa pale: Hang Bac ni ya fedha, Hang Chieu ni ya mikeka.

Pikipiki zilikuwa nyingi, nikashindwa kuvuka. Mama muuza matunda akanishika mkono: tukatembea polepole, bila kukimbia, bila kurudi nyuma, nazo zikatuzunguka. Begani alibeba mti wa mwanzi, kikapu mbele, kikapu nyuma. Wengi wa wauzaji hao hutoka vijijini kutafuta minervali ya watoto.

Nusu saa kwa miguu nikafika Hekalu la Fasihi, lililojengwa mwaka 1070. Kuna mawe 82 juu ya migongo ya kobe wa mawe. Yameandikwa majina ya waliofaulu mtihani mkuu wa mfalme, kuanzia mwaka 1442. Wote ni wanaume. Wanawake hawakuruhusiwa kufanya mtihani ule. Nilisimama pale kitambo, nikimfikiria yule mama wa matunda.

Alasiri nikarudi upande wa ziwa, kwenye Makumbusho ya Wanawake, iliyofunguliwa mwaka 1995. Humo kuna vikapu, nguo za arusi, habari za uzazi na shamba, na picha za mama waliopoteza watoto vitani. Na barabara ya karibu, Hai Ba Trung, ina jina la dada wawili walioongoza vita dhidi ya utawala wa China mwaka 40. Basi, mahali ambapo mtu alikumbuka kuandika, wanawake wapo.

Wamama, hapa kwetu pia tunao wanaobeba magunia kwa kamba kwenye paji la uso, wakasomesha watoto sita. Majina yao yameandikwa wapi? Katika mkutano ujao, fungueni ukurasa mmoja wa daftari la kikundi. Andikeni jina la kila mama aliyekianzisha, kijiji chake, na kazi aliyoifanya. Binti asiyejua kusoma aandikishe kwa mdomo, mwenzake aandike.

Tuonane wiki ijayo.