Mvueni Mpiga Kinanda Silaha za Sauli

Ndugu zangu, kuna usemi unaozunguka katika makanisa yetu ya Kasulu na Kibondo, nao lazima tuupinge: kwamba “Haleluya” ya Handel haiimbiki mpaka tununue kinanda kikubwa chenye sauti za okestra na biti zake. Waumini wanachangishwa, watu wanauza maharage, kinanda kinakuja. Siku ya Pasaka tarumbeta za umeme zinalia hata teno na besi hawasikiki. Hiyo si sifa kubwa. Ni kelele kubwa.

Wanaotetea jambo hili husema kazi ya mtunzi mkuu haipunguzwi. Handel mwenyewe hakuwa na msimamo huo. “Messiah” aliitunga London mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, kuwasaidia wafungwa wa madeni na wagonjwa. Tangu hapo alibadilisha sehemu zake mara kwa mara kulingana na waimbaji aliowapata. Mwaka 1789 Mozart aliipanga upya kwa ajili ya Vienna, akaongeza vyombo vya kupuliza. Ikiwa Vienna waliweza kuongeza, kwa nini Kibondo wakatazwe kupunguza?

Ila kupunguza kuna adabu yake. Katika “Haleluya”, mahali pengi vyombo hufuata sauti za waimbaji. Hapo mpiga kinanda akipunguza, hakuna neno linalopotea. Asichoruhusiwa kuacha ni pale vyombo vinaposema peke yake, kama vile mwanzoni kabla kwaya haijaingia. Mkono wa kushoto ushike besi, wa kulia ushike fidla. Ana vidole kumi tu. Asibebeshwe okestra nzima. Na soprano wakielemewa, Do ishushwe kutoka D hadi C. Mbingu hazitaanguka.

Biti je? Karibu na mwisho, waimbaji na vyombo vyote hunyamaza ghafla, ndipo “Haleluya” ya mwisho inapoimbwa polepole. Kimya kile kinaliandaa kanisa zima. Biti haijui kunyamaza. Inakikanyaga na kupita. Vijana wakiipenda, waitumie katika nyimbo zilizotungwa kwa ajili yake. Hapa haina kazi.

Someni 1 Samweli 17. Daudi alivishwa silaha za Sauli, akaona haziendeki, akazivua. Hakusema vita vingoje mpaka akue azitoshe. Alichukua kombeo na mawe matano, akaenda.

Basi kabla ya kuchangisha tena, wazee wa kanisa wajiulize: je, kwaya yetu inasoma nota? Sauti nne zinasikika kila moja? Kama bado, fedha hizo zimlipe mwalimu. Kinanda kidogo tulicho nacho kinatosha, maana kazi yake ni kuwashika mkono waimbaji, si kuwafunika.