Udogo wa Kinyago Si Udogo wa Kazi

Mtu aingiaye City Market, katika barabara ya Muindi Mbingu mjini Nairobi, huona meza zilizojaa vinyago vidogo: twiga wa kimo cha kidole, kifaru atoshaye kiganjani, mzee na mkongojo wake. Wenyeji wengi huvipita wakisema, "Hivyo ni vya wageni." Na wakitajiwa bei, hushangaa kwamba kitu kidogo namna ile chaombewa fedha nyingi. Yafaa tulifikiri jambo hili.

Kazi hii ina asili yake. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza ufundi huu Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hata 1918. Aliporudi kwao, ufundi ulienea kwa jamaa na jirani, hata Ukambani kukawa shina la uchongaji wa Kenya. Wakisii wa Tabaka nao wamepata sifa kwa kuchonga jiwe lao laini.

Watu hudhani kwamba kinyago kidogo ni rahisi kuchonga. Sivyo. Katika sanamu kubwa, kosa la unene wa uzi halionekani. Katika mguu wa twiga mdogo, kosa hilo huuvunja mguu, na kazi yote ikapotea. Basi, kabla ya kununua, kishike kinyago, ukigeuze, utazame na chini yake. Je, ni kipande kimoja, au kimegandishwa kwa gundi? Chasimama bila kuyumba? Mistari ya mti yafuata umbo la mnyama? Tena kipime kwa mkono: mpingo ni mzito, hata huzama majini, lakini mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu hujulikana kwa wepesi wake.

Liko jambo kubwa zaidi. Ukiifuata barabara ya Ngong kuelekea magharibi, utapita msitu ambamo muhugu ungali unaota. Mti huu wapendwa sana na wachongaji, lakini hukua polepole, na mahali pengi umekwisha kupungua. Tukilipa kwa kimo, mchongaji atatafuta gogo kubwa na kuifanya kazi kwa haraka. Tukilipa kwa ufundi, kipande kidogo kitamlisha yeye na watoto wake, na mti utasalia. Mafundi wa Kibera nao wametuonyesha njia nyingine: huchonga mapambo kwa mifupa ya ng'ombe, kitu ambacho wengine hukitupa. Hawana haja ya pembe za ndovu, ambazo biashara yake kati ya mataifa ilikatazwa mwaka 1989.

Marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya kazi za mikono ya Waafrika kwa miaka mingi, na nyingine zaonekana katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913. Sisi hatuna uwezo wake, lakini kila mmoja aweza kuweka kinyago kimoja kizuri nyumbani mwake. Nawe ukinunua, uliza jina la aliyekichonga, uliandike, ukalihifadhi pamoja nacho. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Na fundi asiyejulikana jina atatunzwaje?