Akiba ya majina ya watoto ichunguzwe kwanza kabla ya kurudishwa

Tangu vita vilipofika Goma mwezi Januari 2025, fleshi ndogo imekuwa ofisi ya watu wengi. Kompyuta ya redio au ya kamati ya wahami ikiharibika ao ikibaki nyuma, mtu anatafuta nyingine, anachomeka fleshi na kurudisha kila kitu mara moja. Haraka hiyo ndiyo inapoteza watu.

Orodha ya watoto waliopotezana na wazazi njiani, wakitoka Sake ao Masisi, inabadilika kila siku. Akiba ya wiki tatu zilizopita ikirudishwa juu ya orodha ya leo, majina yote ya wiki hizo tatu yanafutika. Programu ya tar, inayotumika kwenye Linux, haiulizi: faili la zamani linachukua nafasi ya jipya lenye jina lile lile. Unzip angalau inauliza, lakini mwenye haraka anajibu ndiyo tu.

Dawa iko, na haiombi intaneti. Kwenye dirisha la amri, mtu aandike tar -tzvf na jina la kifurushi. Yataonekana majina ya mafaili, ukubwa na tarehe zake, bila kitu kuguswa. Kwa kifurushi cha zip ni unzip -l. Kisha gzip -t, ao unzip -t kwa zip, inapima kama kifurushi ni kizima. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, kinaweza kubaki nusu, na jina lake bado linaonekana sawa.

Lakini kipimo hicho hakijui kama orodha ina majina. Kifurushi kinaweza kuwa kizima, ndani mna ukurasa mtupu. Kwa hiyo kifunguliwe katika folda mpya, mbali na kazi ya leo, na mtu anayezijua familia hizo asome.

Wengine watasema mafuta ya jenereta yanaisha, nani ana muda? Kuorodhesha kifurushi kidogo cha maandishi ni sekunde chache. Kumtafuta upya mama aliyekwisha kuhama tena ni miezi, kama simu yake bado inapatikana.

Wakuu wa redio waanze na jambo dogo: kila akiba ibebe tarehe katika jina lake. Fleshi zimejaa vifurushi vinavyoitwa "mpya", "mpya kabisa" na "mpya ya mwisho".